Fedha Zitulie Kwanza, Ndipo Mzigo Uondoke

Mazungumzo na wauzaji wa simu wa Mwanza kuhusu mnunuzi wa ng'ambo



Tunawashukuru kwa kuacha meza na vibanda vyenu ili tuzungumze. Tunafahamu kwamba muuzaji akiondoka kibandani, mteja hupita kwa jirani. Kwa hiyo tutajitahidi muda huu uwalipe.

Katika mji huu neno ng'ambo lina maana mbili. Anayesubiri kivuko cha Kamanga akisema kwamba anakwenda ng'ambo, anamaanisha upande wa Sengerema. Anayesema kwamba kaka yake yuko ng'ambo, huenda anamaanisha Muscat, London au Toronto. Biashara ya ng'ambo ile ya kwanza tumeirithi kwa wazee wetu, na kanuni zake tunazijua. Nendeni mwaloni Kirumba mkawatazame wauza dagaa. Mnunuzi kutoka Kongo au Burundi huja mwenyewe au humtuma mtu anayefahamika, magunia huhesabiwa mbele ya macho ya watu, fedha hupita mkononi, kisha wapakiaji huinua mzigo. Hakuna mama muuza dagaa anayepakia magunia ishirini kwa sababu ameonyeshwa picha ya noti.

Ng'ambo ya pili ni ngeni kwetu. Mnunuzi haonekani, yanayoonekana ni maandishi kwenye kioo cha simu. Ugeni huo ndio matapeli wanaoutumia. Neno tulilokuja kuwaambia ni moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake: fedha zitulie kwanza, ndipo mzigo uondoke. Fedha zilizotulia ni zile ambazo zimeingia katika akaunti yako, umezithibitisha wewe mwenyewe kwa njia yako mwenyewe, na aliyezituma hana tena njia nyepesi ya kuzirudisha kwake.

Mfano wa hasara

Tutunge mfano kwa kuunganisha hila zinazojulikana katika biashara hii. Kijana ana kibanda karibu na Makoroboi. Amenunua simu moja ya bei kubwa, na sehemu ya mtaji wake ni mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, unaorejeshwa kila Jumamosi. Anaitangaza mtandaoni kwa shilingi 1,400,000.

Usiku uleule anapata ujumbe. Mnunuzi anasema ni mhandisi, anafanya kazi Uingereza, na simu anamnunulia binamu yake aliye katika nchi nyingine. Haulizi kuhusu betri wala michubuko. Habishani bei. Anasema atalipa 1,800,000 ili zitoshe na gharama za kutuma. Anaomba jina kamili la muuzaji na barua pepe yake.

Asubuhi inafika barua pepe yenye nembo ya huduma ya malipo. Inasema fedha zimepokelewa, lakini zimezuiwa mpaka muuzaji atume namba ya kufuatilia mzigo. Kijana anafunga simu vizuri, anaituma na kuiwasilisha namba ile. Mchana inakuja barua ya pili: mnunuzi amekosea, amelipa 2,400,000, tafadhali rudisha 600,000 kwa msafirishaji wake kupitia namba hii ya simu, kisha fedha zote zitafunguliwa. Kijana anamwendea shangazi yake anayeuza samaki Kirumba, anakopa, anatuma.

Baada ya hapo kimya. Simu imekwenda, laki sita za shangazi zimekwenda, na Jumamosi wanakikundi wanasubiri rejesho. Hakuna shilingi hata moja iliyowahi kuingia. Barua zote mbili ziliandikwa na mtu mmoja.

Tumeurefusha mfano huu kwa makusudi, ili tuone kwamba palikuwa na milango kadhaa ambayo kijana angeweza kusimama na kukataa kupita. Tuipitie mmoja baada ya mwingine.

Jiulize biashara inaelekea wapi

Simu nyingi tunazouza Mwanza zimetoka nje. Zimepita Dubai au China, zikaingia Kariakoo, ndipo zikapanda basi kuja kwetu. Katika kila kituo, gharama na faida ya mtu imeongezwa. Sasa mtu aliye Uingereza, ambako simu ileile inauzwa katika duka la mtaani kwake na yenye dhamana, ana sababu gani ya kuinunua Mwanza kwa bei ya juu zaidi na kulipia nauli ya ndege? Swali hili halihitaji utaalamu wa kompyuta. Ni swali la kibiashara ambalo kila mmoja wenu anaweza kuliuliza. Mnunuzi wa kweli hubisha bei, huuliza ukubwa wa hifadhi, huomba picha ya upande wa nyuma. Asiyejali bei mara nyingi hana nia ya kulipa.

Hatusemi kwamba mteja wa ng'ambo hayupo. Yupo, tena ni mteja mzuri. Mtanzania aliye Oman anaweza kumnunulia mama yake simu. Mama yuko Nansio, Ukerewe, na simu haitoki kabisa katika ukanda huu wa ziwa. Muuzaji mwenzako wa Kampala au Kisumu anaweza kuhitaji aina ambayo kwao imeadimika. Katika hali hizo sababu ya kununua inaeleweka, na mpokeaji ni mtu unayeweza kumpigia na kumwuliza.

Risiti ya mnunuzi si malipo

Ushahidi wa malipo ni salio lako. Picha ya skrini, nakala ya hati ya benki yenye neno SWIFT, barua pepe yenye nembo, ujumbe mfupi unaosema umepokea fedha: vyote hivyo vinaweza kutengenezwa na mtu aliyeketi chumbani kwake. Usivibishie wala usiviamini. Viweke kando, ukaangalie akaunti.

Na namna ya kuangalia ina umuhimu wake. Usibonyeze kiungo kilichomo ndani ya barua uliyotumiwa, kwa sababu kinaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kuigiza unaokuomba neno lako la siri. Fungua programu ya benki wewe mwenyewe, au fika tawini. Kama ni fedha za simu, piga menyu ya mtandao wako, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa, uombe salio. Usitumie namba ya huduma kwa wateja uliyopewa na mnunuzi, na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ni mhudumu.

Zipo huduma halali za biashara ya mtandaoni zinazoshikilia fedha kwa muda. Lakini katika huduma hizo, fedha zilizoshikiliwa huonekana ndani ya akaunti yako unapoingia kwa njia yako ya kawaida. Kama barua inasema fedha zipo na akaunti inasema hazipo, akaunti ndiyo inayosema kweli. Kabla ya kukubali huduma yoyote ya kimataifa, hakikisha pia kwamba akaunti iliyofunguliwa Tanzania inaruhusiwa kupokea fedha kwa huduma hiyo, kwa kuwa zipo zinazoruhusu kulipa tu katika baadhi ya nchi.

Ziada isiyoombwa

Mnunuzi aliyelipa zaidi na kukuomba urudishe tofauti anakuomba fedha zako halisi kwa kubadilishana na fedha zake za maneno. Hila hii ilianza zamani kwa hundi bandia. Mtu huleta hundi yenye kiasi kikubwa, benki huiandika katika akaunti yako kabla haijathibitishwa na benki iliyoitoa, wewe unarudisha ziada, na wiki kadhaa baadaye hundi inakataliwa na benki inakudai kiasi chote. Leo njia zimeongezeka, lakini mtego ni uleule.

Kanuni ni rahisi. Kama kweli pamelipwa zaidi, malipo yote yarudi kwa njia ileile yaliyokuja, kupitia benki au huduma ileile, na biashara ianze upya kwa kiasi sahihi. Usitume tofauti kwa namba ya mtu wa tatu, hata akiitwa msafirishaji, wakala au ofisa forodha. Ule ujumbe uliozoeleka nchini, unaokuambia ile fedha itume kwenye namba hii, ni ndugu wa damu wa hila hii.

Fedha zinazoingia kisha zikatoka

Hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hata muuzaji mwangalifu huweza kuanguka. Kuna malipo ambayo yanaingia kweli, unayaona kwenye salio, kisha yanaondolewa baadaye.

Mtu akilipa kwa kadi, mwenye kadi ana haki ya kuiambia benki yake kwamba hakufanya ununuzi huo au hakupata mzigo. Haki hiyo iliwekwa kumlinda mlaji, na sisi tunaiunga mkono. Lakini tapeli aliyelipa kwa kadi ya wizi anajua kwamba mwenye kadi atalalamika, na kwamba hasara itamrudia muuzaji, si yeye. Vivyo hivyo, huduma kama PayPal humpa mnunuzi siku 180 tangu siku ya malipo kufungua malalamiko. Miezi sita ni muda mrefu kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni simu nne.

Kwa hiyo malipo ya kadi au ya huduma za namna hiyo yapokee tu kwa mteja unayemfahamu, na kwa mzigo ambao unaweza kuthibitisha kwamba umefika. Kwa mteja mgeni, chagua uhamisho wa benki kwenda benki, au huduma ya kutuma fedha ambayo utazipokea mkononi kabla ya kufunga mzigo. Uhamisho ukionekana, nenda tawini uulize swali hili kwa maneno haya: "Fedha hizi zimetulia, au zinaweza kurudishwa?" Ofisa wa benki ataelewa. Kama jibu si la moja kwa moja, simu ibaki kabatini.

Angalia pia jina la aliyetuma. Kama unazungumza na mtu mmoja na fedha zinatoka kwa mwingine usiyemjua, simama. Huenda aliyelipa naye ametapeliwa, na fedha hizo ni zake; akilalamika, akaunti itakayozuiwa na mtu atakayeitwa polisi ni wewe.

Daftari, picha na kasha

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika biashara hii daftari ni ngao, kwa sababu utapeli mwingine huja baada ya mzigo kufika. Mnunuzi hupokea simu nzima, kisha hudai kwamba ni mbovu, na anachorudisha ni simu nyingine iliyokufa zamani.

Kila simu ina namba yake ya IMEI, yenye tarakimu 15. Piga *#06# uione. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Muuzaji wa Tanzania anaijua namba hii tangu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini. Kabla hujanunua simu kwa ajili ya kuiuza, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ujue kama inatambuliwa, na mtake anayekuuzia risiti na kitambulisho, usije ukauza mali ya wizi.

Kabla ya kufunga mzigo, andika IMEI katika daftari na katika risiti ya mnunuzi. Piga picha ya kioo kikionyesha namba hiyo. Rekodi video moja isiyokatika, simu ikiwaka, ikiwekwa ndani ya kasha, na kasha likifungwa na kubandikwa anwani. Simu ikirudishwa, linganisha namba kabla ya kurudisha hata senti.

Tuma kwa njia inayotoa namba ya kufuatilia na inayodai sahihi ya mpokeaji. Vifurushi vya EMS vinavyotumwa kupitia Posta huwa na namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi TZ. Itunze risiti yake. Eleza kwa ukweli kilichomo katika fomu ya forodha, na sema wazi kwamba simu ina betri ya lithiamu, kwa kuwa betri hizo zina masharti maalumu katika usafiri wa ndege. Mzigo uliofichwa unaweza kuzuiwa, na hapo mnunuzi mwaminifu naye atakuwa na haki ya kukudai. Ukitumia basi kwenda Kampala au Nairobi, sharti mpokeaji atambuliwe kwa kitambulisho. Na anwani uliyopewa wakati wa malipo isibadilishwe njiani kwa ujumbe wa dakika ya mwisho.

Kuna wajibu wetu pia. Simu iliyofunguliwa na fundi iitwe hivyo. Kioo kilichobadilishwa kitajwe. Muuzaji anayeficha kasoro huwapa wanunuzi sababu ya haki ya kurudisha fedha zao, na huwaharibia wenzake jina.

Kama tayari umetapeliwa

Dakika za mwanzo zina thamani kubwa. Kama mzigo bado haujakabidhiwa, kimbia ulikoutuma ukiwa na risiti na uombe uzuiwe. Kwa vifurushi vya posta, mtumaji anaweza kuomba kurudishiwa mzigo ambao haujamfikia mpokeaji. Kama umetuma fedha, piga mara moja namba rasmi ya mtandao wako au benki yako uombe muamala uzuiwe.

Usifute ujumbe wowote, hata kwa hasira. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inautaja udanganyifu na ughushi unaofanywa kwa kompyuta kuwa ni kosa la jinai. Nenda kituo cha polisi ukiwa na daftari, risiti, namba na maandishi yote, na uondoke na namba ya RB. Kama tapeli alitumia namba ya simu ya hapa nchini, itaarifu kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Tusiwadanganye: mtu aliye nje ya nchi, mwenye jina la bandia, ni vigumu kumpata. Ndiyo sababu tumetumia muda mwingi kuzungumzia yanayofanyika kabla ya mzigo kuondoka. Jihadhari pia na tapeli wa pili, yule atakayekutafuta baadaye akidai kwamba anaweza kurudisha fedha zako ukimlipa ada kidogo. Ofisi ya umma haipokei ripoti ya uhalifu kwa ada ya kutumwa kwenye namba ya mtu binafsi.

Na tafadhali, msikae kimya kwa aibu. Anayetapeliwa huona haya, husema labda mimi ni mjinga, hukaa na siri yake. Wiki inayofuata ujumbe uleule unamfikia jirani yake wa kibanda cha pili. Mngekuwa na desturi ya kusomeana ujumbe wa wanunuzi wageni kabla ya kufunga mzigo, kama wavuvi wanavyoulizana upepo kabla ya kuingia ziwani, wengi wangesimamishwa mlangoni.

Ndugu zetu, mnunuzi mwaminifu hatakasirika ukimwambia kwamba mzigo utaondoka siku fedha zitakapotulia. Ataelewa, maana naye anajua thamani ya fedha yake. Atakayekuharakisha, atakayekulaumu, atakayesema kwamba ndege inaondoka leo jioni, mwache aende nayo. Simu itabaki kabatini, na kesho atapita mteja wa Igoma au wa Buzuruga mwenye fedha mkononi.